Mwaka Niliofundisha Ishara Makere

Kwa miaka mingi nimekuwa na hadithi moja ninayowapa walimu wapya wanaoletwa huku Kibondo. Ni hadithi ya mzee wa Makere aliyemnyima binti yake mtihani wa kidato cha nne, binti mwenye akili kuliko darasa zima, kwa sababu alitaka kurudi kwao Burundi na watoto wake wote pamoja. Naisimulia vizuri, kwa nini nijifiche. Sisi wa Tanga tukinyimwa vingine, ulimi tulipewa. Walimu wapya husikitika, husema, “Wazazi wa huku, Madam!” nami hujibu, “Wee acha tu,” na chai inaendelea. Mwezi uliopita nilikuwa sokoni nachagua maharage ya njano, mwanamke mmoja akasimama nyuma yangu, kitenge cha nguvu, mwili umejaa, kijana wa mkokoteni anamsubiri na marobota. Akaniita, “Madam Zuhura.” Nikageuka. Uso nikaujua kabla ya jina, halafu jina likaja lenyewe: Generoza. Ndiye yule binti wa hadithi yangu. Tulikumbatiana pale katikati ya magunia, tukalia, watu wakatuzunguka wakidhani tumefiwa. Akanivuta kwenye benchi la mama muuza chai, na kabla vikombe havijapoa nikamuuliza swali nililolibeba tangu usichana wangu: kwa nini baba yako alikataa? Akaniangalia kama mtu aliyetukanwa. “Baba hakukataa, Madam. Baba alikubali. Wewe ndiye uliyekataa.”

Tangu siku hiyo sijalala vizuri. Naurudia ule mwaka chumba kwa chumba, na nauandika hapa kama nilivyouona wakati ule, ili nijue nilipita wapi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka chuoni na begi la vitabu vya fasihi ya Kiingereza, nikapangiwa shule ya sekondari kando ya barabara ya Kasulu kwenda Makere. Nyumba ya walimu tuliyopewa ilikuwa na vyumba viwili na sebule isiyo na dari. Kuta ziliishia njiani kabla ya kufika kwenye bati, kwa hiyo tuliishi na majirani zetu bila kuwaalika. Mwalimu wa jiografia akikohoa upande wa pili, sisi tulimwambia pole. Mwenzangu alikuwa Perpetua, mwalimu wa baiolojia kutoka Bukoba, Mkatoliki wa kusali rozari kila jioni, mwenye mdomo mkali na mkono mzuri wa kupika. Mie nilimfundisha kutia nazi kwenye maharage, nazi ambazo mama yangu alinitumia kwa basi na kufika zimebaki nusu. Yeye akanifundisha kula mgebuka mkavu, samaki wa Ziwa Tanganyika, na ugali wa muhogo bila kulalamika. Baridi ya kule sikuizoea hata siku moja. Asubuhi ukungu ulikaa juu ya migomba kama umepanga chumba, na mie nilikwenda kipindi cha kwanza nimejifunga khanga mbili chini ya gauni. Perpetua alikuwa akisema, “Huyo mtu wa pwani, mkimkuta amekufa msitafute mchawi, ni baridi.”

Darasani nilining'iniza bango la manila nililolichora kwa kalamu za rangi. Juu kabisa niliandika kwa Kiingereza, mbinu za lugha, na chini yake zikafuata simile, metaphor, personification, irony, symbol, kila moja na maana yake na mfano wake. Nililionea fahari bango lile. Wanafunzi wangu walikuwa wanazungumza Kiha nyumbani, wengine Kirundi, Kiswahili shuleni, na Kiingereza walikuwa wanakutana nacho kwenye karatasi tu, kama ndugu wa mbali anayetumwa picha. Basi walifanya walichoweza: walikariri. Ukiuliza metaphor ni nini, darasa zima linakuimbia maana, tena kwa pamoja, mpaka kuku wa mwalimu mkuu wanahama kivuli cha dirisha. Ukiomba mfano, wanakuimbia ule ule wa bango: John ni simba. Ukiomba mwingine, wanasema Juma ni simba. Siku moja msichana mmoja wa dawati la nyuma, mrefu, shingo nyembamba, amenyoa kama wenzake wote, akanyoosha mkono. “Madam, kwani John alifanya nini?” Darasa likaangua kicheko. Yeye hakucheka. “Tusipojua alichofanya, tutajuaje ni simba wa kusifiwa au simba wa kukimbiwa?” Huyo ndiye alikuwa Generoza, binti wa mzee Bukuru, familia ya Kirundi iliyokuwa imelima upande wa Makere tangu yeye hajazaliwa.

Tangu hapo nilifundisha darasa zima huku namwangalia yeye. Najua mwalimu hafanyi hivyo, lakini nani hajafanya? Nikisema upepo unanong'ona, hiyo ni personification, wenzake wanaandika. Generoza anauliza kwa nini unong'one, “Kwetu upepo hauna siri, Madam, unadai bati lako mchana kweupe.” Nikimwambia sema kwa Kiingereza, anasimama, anatafuta maneno moja moja, anakosea vitenzi, lakini akimaliza, bati limeng'oka. Siku tuliyofika kwenye symbol niliwapa mifano ya kila siku: njiwa ni amani, nyekundu ni hatari, kitu kidogo kinachosimama badala ya jambo kubwa. Wakaandika njiwa, wakaandika nyekundu. Generoza akauliza, “Mtu atajuaje kwamba hiki ni symbol, na hiki ni kitu tu?” Nakumbuka nilikaa juu ya meza yangu, nimejiamini, nikamjibu kwa Kiingereza kilichonyooka. Nilimwambia mwandishi hukiweka kitu hicho mahali ambapo hakikuwa na haja ya kuwepo, na watu waliomo kwenye hadithi huacha shughuli zao wakakitazama. Alilifikiria jibu langu mpaka kengele ikapigwa.

Jumamosi alianza kuja kwetu. Alikuja kwa miguu, akasalimia mlangoni kwa Kirundi, “Amahoro,” kwa sababu Perpetua alipenda kuitikia, kisha akaingia moja kwa moja jikoni kama mtu wa nyumbani. Jiko letu lilikuwa kibanda cha miti nyuma ya nyumba, moshi unatoka popote unapotaka. Alikuwa akichambua mchele huku nimemshikia kitabu, asome kwa sauti, nami nakoroga chungu. Kitu kilichowashinda wote mwaka ule ni irony. Walidhani ni utani, wengine walidhani ni uongo, na bango langu halikuwasaidia, maana lilisema ni kusema kinyume cha unachokusudia, nao wakauliza kwa nini mtu mzima afanye hivyo. Jumamosi moja mbuzi wa jirani akaingia bustanini akawa anamaliza mchicha wa Perpetua. Perpetua akatoka na mwiko mkononi, akasimama juu ya yule mbuzi, akasema kwa upole kabisa, “Karibu mgeni wetu, karibu sana. Nikuletee na chumvi?” Generoza akaangusha ungo. “Madam! Hiyo ndiyo! Hiyo ndiyo irony!” Tulicheka mpaka chungu kikaungua, na mwalimu wa jiografia akauliza kutoka upande wake wa ukuta kuna heri gani.

Ni jikoni humo alinieleza anachotaka. Alisema anataka kuwa mwalimu wa Kiingereza, kama mimi, lakini yeye atabandika bango lisilo na simba. Alilisema akicheka, ila mikono ilikuwa imeacha kuchambua. Mtihani ulikuwa Novemba. Akifaulu, anakwenda kidato cha tano, halafu chuo. Nilimwambia utafaulu, na sikuwa namdanganya. Nimefundisha maisha yangu yote tangu hapo na sijapata sikio jingine kama lile.

Katikati ya mwaka maneno ya kurudi Burundi yakaanza kupita juu ya kuta zetu. Jioni walimu walikuwa wakikaa nje kusikiliza redio, na sisi ndani tukawa tunasikia redio pamoja na maoni. Fulani amejiandikisha kuondoka. Fulani anangoja uraia, haondoki ng'o. Fulani ameuza bati za nyumba yake akiwa bado analala humo. Wiki moja Generoza hakuja Jumamosi. Ya pili yake alikuja, akakaa kwenye kigoda, akasema baba ameamua. Nyumbani kwao kulikuwa na shamba la babu yake, na wenye kurudi mapema ndio waliokuwa wanakuta mipaka bado inajulikana. Wangeondoka baada ya kuvuna, mwezi wa nane au wa tisa. Alisema kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba. Perpetua akaniangalia, mie nikamwangalia Perpetua, na tulijua wote wawili tunachowaza: kitanda cha tatu kinaingia sebuleni. Akae na sisi mpaka Novemba, afanye mtihani wake, kisha nimpeleke mwenyewe mpaka mpakani nimkabidhi kwa baba yake. Mwalimu mkuu akasema yeye hana neno, mradi mzazi akubali. Perpetua akasema, “Mtoto wa watu haombwi kwa karatasi. Nenda kwao ukakae chini.”

Hapa inabidi niseme jambo ambalo wakati ule sikumwambia mtu. Siku niliyokwenda kwa mzee Bukuru nilikuwa nimefunga. Haikuwa Ramadhani. Ilikuwa Shaaban inakatika, na mie nilikuwa bado nalipa siku zangu za Ramadhani iliyopita. Wanawake wenzangu wa Kiislamu wameshanielewa. Wengine niwaeleze kwamba zipo siku za mwezi ambazo mwanamke hafungi, na siku hizo anazilipa baadaye kabla Ramadhani nyingine haijaingia. Nilizembea mwaka mzima kwa sababu ya baridi na njaa ya ugenini, sasa nimebanwa. Na mwanamke anayelipa hatangazi. Ukisema umefunga nje ya Ramadhani mbele ya wanaume, kila anayejua dini anajua kwa nini, na asiyejua atauliza mpaka ajue. Tumelelewa hivyo: ukikaribishwa chakula unasema nimeshiba, ahsante, mambo yanaisha. Hata Perpetua niliyelala naye nyumba moja nilimwambia tumbo halina hamu.

Nilikwenda kwa baiskeli ya kukodi, nimekaa upande, vumbi jekundu limenijaa mpaka kwenye kope. Midomo ilikuwa imekauka ikapasuka. Mzee Bukuru alinipokea mlangoni, mtu mfupi, mkakamavu, koti kuukuu lililopigwa pasi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Sebule ilikuwa imefagiwa, na kwenye kiti changu walikuwa wametandika kitambaa cheupe kilichodariziwa. Nilikaa. Wakaingia wanaume wawili wa jirani wakasalimia wakakaa upande wa dirisha bila kusema wamefuata nini, nikadhani wamekuja kumwona mgeni. Mama Generoza akapita kusalimia akarudi ndani. Nikamuulizia binti, nikaambiwa yuko nyuma. Basi nikatoa maneno yangu yote niliyoyapanga njiani, akili ya mtoto, mtihani, kitanda, Novemba, mpakani. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kujibu, na Kiswahili chake kilikuwa kinakuja taratibu, “l” zake nyingi zimegeuka “r”.

“Mwarimu,” akasema, “ng'ombe akivuka mto, ndama akabaki ng'ambo, usiku ule nani analala?”

Nikasema, “Hakuna, mzee.”

“Hakuna. Lakini kama ng'ambo kuna zizi, na zizi lina mtu, na mtu yule amekuja kwa miguu yake kusema ndama huyu namjua jina... mama yake atalia siku mbili. Ya tatu atakula majani.”

Wale majirani wakaguna kwa pamoja, “Ego,” yaani ndiyo. Nami, masikini wa Mungu, unajua nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nasahihisha. Kichwani nilikuwa nampa mzee alama. Nikasema huyu amejenga metaphor yake kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kuiangusha, kesho nitaipeleka darasani. Nilikuwa nimefurahi hivyo, na nilikuwa naona jibu linakuja, linakuja, limefika mlangoni. Mzee akaita kwa Kirundi. Mama Generoza akaleta kibuyu na mrija, akakiweka chini katikati yetu. Maji ya ndizi mbivu, mapya, yamekamuliwa asubuhi. Harufu yake ilinipanda mpaka nikameza mate yasiyokuwepo. Haikuwa pombe. Walijua mimi Mwislamu, wakanikamulia yasiyochacha. Mzee akavuta funda moja, akaupangusa mrija kwa kiganja, akaniinulia kibuyu kwa mikono miwili. Majirani wakaacha kunong'ona. Mama Generoza aliyekuwa anarudi ndani akasimama mlangoni. Wote walikuwa wananitazama, na mie nikaona haya, nikaweka mkono kifuani kama nilivyofundishwa kwetu, nikatabasamu, nikasema, “Nashukuru, mzee wangu. Nimeshiba kabisa.”

Alibaki amekishika hewani kwa muda. Akasema, “Kidogo tu, mwarimu. Kuonja.” Ingekuwa funga ya sunna ningefungulia pale pale, dini inaruhusu kumridhisha mwenyeji. Lakini hii nilikuwa nalipa. Nikasema tena, “Hapana, mzee, ahsante sana, kweli sihitaji.” Sihitaji! Neno lenyewe hilo. Akakishusha, akakifunika kwa jani la mgomba. Jirani mmoja akaangalia nje. Mie niliona ni kawaida, wazee wa huku hawana haraka, nikangoja amalizie habari ya ndama. Akasema, “Basi. Tutavuka wote.” Nikadhani sikusikia vizuri. “Mzee, lakini si ulikuwa unasema...” Akasimama. “Urakoze, ahsante, mwarimu. Jua linakwenda, nikusindikize barabarani.” Kwetu pwani tunasema akufukuzaye hakwambii toka, kwa hiyo hilo nilielewa mara moja. Nilipanda baiskeli nimefura. Njia nzima nilikuwa nasema peke yangu: mtu mzima anakuzungusha na ng'ombe na mito, kumbe hapana yake ameikalia.

Perpetua alikuwa anasonga ugali nilipoingia. Nilimsimulia yote, ng'ombe, ndama, zizi, mpaka sauti ya mzee nikaiigiza. Kibuyu sikukitaja. Nani anasimulia kinywaji alichokikataa? Na ningekitaja ningelazimika kusema kwa nini nilikikataa. Mwanamke wa Bukoba, aliyekulia kwenye migomba na desturi za ndizi, angeuacha mwiko ndani ya ugali akanirudisha Makere usiku ule ule kwa miguu. Badala yake alisema, “Rudi tena Jumatatu. Wazee huombwa mara mbili.” Nikamjibu kwa hasira za ujana. Nikasema nimekataliwa mbele za watu, siendi kupiga magoti. Jumatatu dawati la nyuma lilikuwa tupu. Na Jumanne. Nilimwambia mtoto wa jirani yao amwambie Generoza aje achukue vitabu, hakuja, nikasema amekatazwa. Magari ya wanaorudi yalikuwa yanapita barabarani na magodoro juu, watoto wanapunga mikono, nami kila yalipopita nilitoka darasani kutazama. Sikumwona. Novemba mtihani ulifanyika, meza yake ikawekwa na namba yake ikabandikwa kama sheria inavyotaka, na msimamizi akaandika hayupo. Nilikuwa nimekaa nje chini ya ukuta, nikalia kwa uchungu, nikimlaani mzee wa watu.

Nimemlaani tangu hapo. Nimejenga jina juu yake. Nilihamishiwa Kibondo, nikaolewa, nikazaa, nikawa mkuu wa idara, na mzee Bukuru nimemtembeza kwenye semina zote kama mfano wa mzazi mkaidi. Sisemi haya kujipiga kifua. Nasema kwa sababu marehemu hawezi kujitetea. Generoza aliniambia pale kwenye benchi kwamba baba alifariki, na shamba alilipata, na hakulifaidi muda mrefu. Ndipo akanieleza kibuyu. Alinieleza polepole, kama ninavyomweleza mtoto wa kidato cha kwanza. Kwao jambo kubwa likikubaliwa halisemwi, linanywewa. Mwenye mtoto anaonja, anayepewa mtoto anakunywa, mashahidi wanaona, imekwisha. Wale wanaume wawili walikuwa mashahidi. Asiyekunywa amelirudisha jambo mikononi mwa mwenyewe, na mwenye heshima zake hamlazimishi. “Baba alisema labda mwarimu amefika akaona nyumba yetu, akaona sisi ni watu gani, roho yake ikarudi nyuma. Akasema tusimlaumu.”

Nikamshika mkono. “Generoza, nilikuwa nimefunga.”

“Haikuwa Ramadhani, Madam. Naikumbuka ile siku.”

“Nilikuwa nalipa, mwanangu.”

Miaka hii ya biashara amekaa na wanawake wa kila dini, na ana mabinti wake mwenyewe, niliona linamwingia. Akaweka kiganja mdomoni. Akaanza kucheka, kicheko kile kile cha jikoni, nami nikaanza kucheka naye, na mama muuza chai akacheka bila kujua tunacheka nini. Kisha chake kikakatika. “Kwa hiyo ni hilo tu?” akaniuliza. “Ni hilo tu,” nikasema. “Ungesema, Madam.” Nikamwambia nilikuwa msichana, palikuwa na wanaume. Akatikisa kichwa, akarudia peke yake, “Ni hilo tu,” na uso wake ukawa wa yule msichana aliyekuwa anauliza maswali dawati la nyuma. Sikuwahi kujuta kama nilivyojuta nikiutazama uso ule. Nilimfundisha mtoto yule kwamba kitu kikiwekwa mbele ya watu wote wakaacha shughuli zao kukitazama, kina maana. Yeye alielewa. Mimi niliwekewa chini ya pua yangu, nikasema nimeshiba.

Nilimuuliza kama alifika shule huko alikokwenda. Alisema huko ni Kifaransa, alianza upya, akachoka, akaolewa, akaanza na khanga chache, sasa ana duka na watu wa kumfanyia kazi. Hana shida, alisema, nisimwonee huruma. Mabinti zake wanasoma. Kijana wa mkokoteni alikuwa amekuja mara ya pili kumwita. Akasimama, akajifunga kitenge vizuri, akasita. Akasema, “Tulingoja, Madam. Baba aliwaacha majirani waondoke na magari ya kwanza. Alisema walimu ni watu wa kufikiri, labda amekwenda kufikiri. Tuliondoka na gari la mwisho.”

“Na siku ile yenyewe, wewe ulikuwa wapi?” nikamuuliza. “Niliambiwa uko nyuma.”

“Nilikuwa nyuma, dirishani. Nguo zangu mama alikuwa ameshazifunga kwenye kitenge chake kizuri. Nilisikia ndama, nikasikia baba anaonja. Nikavaa viatu. Nilisema Madam akimaliza kunywa ataniita, nisimcheleweshe, baiskeli inamngoja.” Akaangalia marobota yake, akaniangalia mimi. “Nilikaa na viatu vyangu pale pale mpaka giza likaingia. Mama ndiye aliyekuja kunivua.”